Kushikiana Kipindi

"Soma tena," alisema Mwalimu Eufrasia. "Polepole. Weka kidole."

Mika aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akavuta pumzi, akasoma. "Jogoo wa Bibi amepanda juu ya banda. Anawika. Bibi anatoka na mahindi." Hakukwama popote. Sauti yake ilipanda na kushuka kama ya mtoto wa kwaya, na alipofika mwisho kidole kilikuwa bado kwenye neno la pili.

Eufrasia akafunua ukurasa mwingine, wenye picha ya lori. "Na hapa?"

Mika aliutazama ukurasa kwa makini. Akaweka kidole. "Jogoo wa Bibi amepanda juu ya banda."

"Haya. Asante, baba. Nenda ukamwite mwenzako."

Walikuwa wamekaa nje, upande wa jua, kwa sababu upepo wa Makambako asubuhi haumwachi mtu akae ndani ya darasa lenye madirisha mapana. Eufrasia alikuwa amewaita watoto mmoja mmoja tangu kengele ya kwanza. Alikuwa mwalimu wa Darasa la Tano, lakini wiki hiyo alipewa pia Darasa la Pili, darasa la Mwalimu Lenard, aliyezuiwa kuingia darasani mpaka kamati ya nidhamu imsikilize. Mtoto aliyefuata naye alimsoma jogoo. Na wa baada yake. Wawili tu ndio walioweza kuunganisha silabi za lori, na wote wawili walikuwa na dada zao wakubwa nyumbani.

Hakukasirika. Hakuwa mtu wa kukasirika haraka. Alifunga kitabu, akakiweka mapajani, na kitabu chenyewe kikafunguka tena mahali palepale, kwa jogoo. Gundi ilikuwa imeachia hapo.

Wakati wa chai aliingia ofisi ya walimu. Mwalimu Feliciana alikuwa akimenya kiazi cha kuchemsha, na Mwalimu Jofrey, kijana aliyeajiriwa mwaka uliopita, alikuwa amesimama karibu na birika akipasha mikono.

"Naomba kuuliza kitu," alisema Eufrasia. "Mkimshikia Lenard kipindi, huwa mnafundisha nini?"

"Kusoma," alisema Jofrey. "Nawasomesha ule ukurasa wa jogoo. Wanaupenda kweli."

Feliciana aliacha kumenya. "We! Hata mimi nawasomesha jogoo."

"Kwa nini jogoo?"

"Hapo ndipo kitabu chenyewe kinapofunguka, Mama Tarsis. Unaingia mbio, una darasa lako linakusubiri, hujui mwenzio aliishia wapi. Unaanza na kilichopo."

Jofrey alicheka. Feliciana naye akacheka, kisha akakiweka kiazi chini. Eufrasia alikaa kwenye kiti chake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika vipindi vya Lenard mara nyingi, na jogoo yule alimjua vizuri.

Kushikiana kipindi haikuwa amri ya mtu yeyote pale shuleni. Ilikuwa desturi. Mwalimu akiuguliwa, akifiwa, au viazi vyake vikifika wakati wa kupaliliwa na vibarua hawaaminiki, alimwambia mwenzake, "Nishikie," na mwenzake alishika. Siku nyingine angeshikiwa yeye. Hakuna aliyemwambia Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu hakuuliza, maana kila darasa lilikuwa na mtu mbele ya ubao. Lenard ndiye aliyeomba kushikiwa kuliko wote. Baba yake kule Mdandu alipooza upande mmoja mwaka juzi, na tangu hapo shamba la viazi lilimtegemea yeye. Siku moja aliyepaswa kumshikia alichelewa, na siku hiyohiyo Afisa Elimu Kata alipita. Alikuta watoto wa Darasa la Pili peke yao, wakirushiana viatu.

Mwalimu Mkuu, Danford, alichungulia mlangoni. "Madam Eufrasia, kesho ndiyo kamati. Unakwenda kama nani?"

"Kama mwakilishi wa chama cha walimu, Mkuu."

"Chama kinatukata mshahara kila mwezi, kinatupa fulana Mei Mosi," alisema Jofrey. "Acha kesho kifanye kazi."

"Ngoja siku uitwe wewe," Feliciana alimjibu. "Utaivaa hiyo fulana mpaka kanisani."

Danford hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, na ndiye aliyeandika taarifa juu ya Lenard baada ya kuagizwa. "Mimi simchukii Lenard," alisema. "Lakini kama ataachwa hivihivi, sijui nitamwambia nini mwalimu mwingine akitoroka."

*

Mchana huo Eufrasia alikwenda Njombe kuonana na katibu wa chama wa mkoa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya stendi, na watu walitembea wamejikunyata ndani ya makoti. Lenard alikuwa amefika kabla yake, moja kwa moja kutoka Mdandu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya chama, buti zake zina udongo mwekundu.

"Kamwene, Mama Tarsis," alimsalimu, akainuka kumpisha. "Mtetezi wangu. Umekula?"

"Nimekula. Baba anaendeleaje?"

"Anaamuru tu. Mdomo haukupooza."

Katibu aliitwa Basil, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyefundisha miaka mingi kule Ludewa kabla ya kuchaguliwa. Aliwamiminia chai mwenyewe. Alisoma karatasi za Lenard taratibu, mara mbili, kisha akazigeuza zimwelekee Eufrasia.

"Mwalimu hakuwahi kupewa onyo la maandishi. Si hivyo?"

"Hakuwahi."

"Na alipewa mashtaka haya bila muda wa kutosha wa kujibu. Utaratibu haukufuatwa. Kwa hili peke yake kesi haiwezi kumfukuzisha kazi. Wakikuuliza wewe kama wanafunzi walikosa kufundishwa, utajibu kila kipindi kilikuwa na mwalimu, isipokuwa siku ile moja. Ni kweli, au si kweli?"

"Ni kweli," alisema Eufrasia.

"Basi tumemaliza."

Eufrasia alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Katibu, watoto wale hawajui kusoma."

Lenard aligeuza uso. Basil hakushangaa. Alikuwa amesikia mambo mengi katika chumba kile.

"Mwalimu Eufrasia," alisema, "chama hakitetei utoro. Kinatetea utaratibu. Mimi nimeona mwalimu mkuu akimfukuzisha mwalimu wa kike kwa sababu alikataa kuolewa na mdogo wa mkuu huyo. Nimeona mtu anahamishwa mbali kwa sababu aliuliza swali kikaoni. Utaratibu ukivunjwa leo kwa mkosaji, kesho utavunjwa kwa asiye na kosa, na mlango utakuwa ulishafunguliwa na sisi wenyewe. Wewe unalijua hili."

Alilijua. Miaka kumi nyuma, mwanawe Tarsis akiwa mdogo mwenye tatizo la moyo, Eufrasia alipewa barua ya uhamisho kwenda Lupingu, chini kabisa ziwani, mbali na hospitali iliyokuwa ikimtibu mtoto. Aliomba, akaambiwa walimu wote wana watoto. Basil ndiye aliyebeba suala lile ofisi hadi ofisi, mpaka barua ikafutwa. Sasa Tarsis yuko kidato cha pili na anacheza mpira. Ndiyo sababu Eufrasia alikubali kuwa mwakilishi, kazi ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Lenard hakulitaja wakati wa chai ile wala walipokuwa wakisubiri gari la kurudi Makambako. Wakati Tarsis amelazwa, ni Lenard aliyeshika vipindi vyote vya Eufrasia, karibu muhula mzima, na wanafunzi wake walifaulu.

Pale stendi Lenard alinunua mahindi ya kuchoma, akamvunjia nusu.

"Hawajui kabisa?" aliuliza.

"Wawili wanajua."

"Mika?"

"Mika anaimba."

Lenard alipukuchua punje chache kwa kidole gumba. "Lile ni darasa zuri," alisema. "Kama ningelikaa nalo…" Hakumaliza. "Kesho utasema nini, Mama Tarsis?"

"Sijajua."

"Nina watoto watatu. Na mzee."

"Najua, Lenard."

*

Kamati ilikaa katika ukumbi mdogo pale Makambako. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyevaa koti la sufu, na pembeni yake wajumbe wanne. Magari makubwa ya barabara kuu yalisikika yakibadilisha gia, na kila yalipopita mwenyekiti alinyamaza mpaka kelele iishe, kisha akaendelea.

Basil alizungumza vizuri. Hakupandisha sauti. Alieleza habari ya onyo ambalo halikuwahi kutolewa na muda ambao haukutosha, na wajumbe wawili waliandika. Lenard alikiri kwamba siku ile hakuwepo, akaeleza hali ya baba yake. Danford aliulizwa, akajibu kwa ufupi, bila kuongeza chumvi.

Kisha mwenyekiti akamgeukia Eufrasia. "Wewe ni mwakilishi wa walimu shuleni, na sasa unashika darasa lake. Je, wanafunzi wa Mwalimu Lenard walikosa kufundishwa?"

Eufrasia alisimama. Alijua jibu alilopewa, na jibu lile lilikuwa la kweli. Akilitoa, Lenard angerudi nyumbani na kazi yake, na walimu wenzake wangelala salama. Akiongeza neno, kamati ingeweza kusahau utaratibu na kumwangalia Lenard kwa jicho jingine. Alimtazama. Lenard alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua udongo kwenye kucha.

"Kila kipindi kilikuwa na mwalimu, isipokuwa siku ile," alisema. "Tulishikiana. Na mimi nilishika."

Basil alitikisa kichwa kukubali. Eufrasia hakukaa.

"Na watoto hawajui kusoma, mheshimiwa mwenyekiti. Kila aliyeingia alianza ukurasa uleule, kwa sababu hakujua mwenzake aliishia wapi. Wamekariri ukurasa mmoja. Ukiwapa mwingine, wanakusomea ule wa kwanza."

Mjumbe mmoja alicheka, akajikohoza. Basil alitazama meza.

"Unamshitaki mwenzako?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana. Naomba abaki. Katibu amesema kweli, utaratibu haukufuatwa, na mtu asiondolewe kazini namna hii. Lakini nikinyamaza, mtaandika kwamba watoto walifundishwa, na hakuna atakayerudi kuwatazama. Wale si watoto wa Lenard peke yake. Sisi sote tulikuwa mbele ya ule ubao."

Walitolewa nje. Walisimama kwenye kivuli chenye baridi, kila mtu upande wake. Danford alimpa Lenard mkono, akaenda kusimama karibu na gari. Basil alimsogelea Eufrasia.

"Ulikuwa na ushindi mkononi," alisema kwa utulivu.

"Bado unao, Katibu."

"Labda. Lakini safari nyingine, mwalimu akiwa na kosa la kweli, ataogopa kuniita. Atasema mwakilishi atamweleza yote. Hilo nalo lina madhara yake."

Eufrasia aliona kuwa hilo pia ni kweli.

Walipoitwa ndani, mwenyekiti alisoma uamuzi. Mashtaka yamerudishwa kwa kukosa utaratibu. Mwalimu Lenard arudi kazini, na apewe onyo la maandishi. Mwalimu Mkuu asimamie Darasa la Pili lipimwe upya mwisho wa muhula, na matokeo yaletwe. Ikionekana hali ni ileile, shauri litafunguliwa tena, safari hii kwa utaratibu.

Nje ya ukumbi Lenard alimsubiri Eufrasia mpaka wengine wakatangulia.

"Ulikuja kunitetea au kunitangaza?" aliuliza.

"Nilikuja kukutetea."

"Jina langu litakuwa stendi nzima jioni hii. Mwalimu wa jogoo."

"Na mimi nimo. Nilisema nimo."

"Wewe hawakukupa onyo." Alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akaondoka kwa miguu, ingawa gari la Danford lilikuwa na nafasi.

*

Asubuhi iliyofuata, shuleni walimu walikuwa wameshasikia. Feliciana alimwamkia Eufrasia vizuri, lakini hakumwekea kiazi kama siku zote. Jofrey aliuliza, kwa sauti ya mzaha isiyo na mzaha, kama uchaguzi wa mwakilishi unafanyika lini.

"Hata leo," alisema Eufrasia. "Ukiutaka, mimi nitakupigia kura."

"Mimi? Nife na vikao?"

"Basi nisikilizeni kidogo nikiwa bado nipo. Tusiache kushikiana. Mtu atafiwa, mtu ataugua. Lakini anayeondoka aseme alipoishia. Aandike pembeni ya ubao, juu kabisa, na mtu asipafute."

"Na Mwalimu Mkuu akiona?"

"Aone."

Feliciana aliguna. "Akiona pembeni ya ubao kila siku, atajua nani anakwenda shamba kila siku."

"Ndiyo."

Hakuna aliyekubali wala kukataa. Kengele ililia, kila mtu akachukua chaki zake. Ila Feliciana, alipopita, alimwambia bila kumtazama, "Viazi viko kwenye sufuria, Mama Tarsis. Vitapoa."

Lenard alikuwa tayari darasani. Watoto walimpokea kwa kelele, na Mika alimkumbatia mguu. Eufrasia alisimama mlangoni, hajui kama anakaribishwa. Lenard aliwaambia watoto waweke vitabu vyote kwenye kona, vyote, na wasivishike.

"Kitabu hiki mmekiweka kichwani," aliwaambia. "Kichwani hakuna kusoma. Kesho kila mmoja aje na kitu chenye maandishi kutoka nyumbani. Pakiti ya majani ya chai, kopo, gazeti la kufungia sabuni, chochote. Asiyekuwa nacho aokote njiani."

Kesho yake walikuja na takataka za Makambako nzima. Baada ya vipindi, Lenard aliwabakiza wale ambao wazazi wao walikubali, na Eufrasia alikuja kutoka Darasa la Tano, akakaa kwenye kidawati cha pili bila kuombwa. Lenard alimtazama kidogo, kisha akamsogezea nusu ya watoto. Hawakuzungumza mambo mengine. Mara moja tu, mtoto aliposoma "chumvi" kutoka kwenye pakiti na kuruka juu kama amefunga bao, walicheka wote wawili kwa wakati mmoja.

Alikuwa mwalimu mzuri. Eufrasia alikuwa amelisahau hilo. Alijua kungoja. Mtoto alipokwama, Lenard hakumtajia neno. Alifunika silabi ya mbele kwa kidole chake kikubwa, akaacha ile moja tu, akakaa kimya kama mtu asiye na shamba popote.

Siku zilizofuata waliendelea hivyo. Alasiri moja ukungu ulianza kuingia kutoka upande wa reli, na nusu ya watoto walikuwa bado hawajafikiwa. Zamu ilikuwa ya Rejoice, binti mdogo aliyeleta kipande cha mfuko wa mbolea, kikubwa kuliko yeye. Walikitandaza juu ya madawati mawili.

"Mbo," alisoma Rejoice.

"Endelea."

"Mbo… le…"

Simu ya Lenard ililia mfukoni. Aliitazama, akaipokea. Chumba kilikuwa kimya, na Eufrasia alisikia sauti ya baba yake Lenard kutoka Mdandu, na neno lori, na neno kesho asubuhi, na kwamba vibarua wasiposimamiwa watapakia viazi vidogo, vikubwa waende navyo wao.

"Nitakupigia jioni," alisema Lenard. Akairudisha simu mfukoni.

Eufrasia aliwasaidia watoto wake kuvaa masweta, akawatoa wawili wawili waende kabla giza halijaingia. Aliporudi, Lenard alikuwa amechuchumaa karibu na dawati, na Rejoice ameinamia mfuko, midomo inatikisika bila sauti.

"Mbo. Le." Akainua uso. "Imebaki moja, Mwalimu."

"Imebaki moja. Lakini mama yako atakutafuta. Kunja mfuko wako."

Alimsaidia kuukunja. Mtoto alipotoka, Lenard alichukua chaki, akaenda pembeni ya ubao, juu kabisa, akaandika jina la Rejoice na silabi aliyofikia, na chini yake majina ya watoto ambao hawajasoma. Aliandika taratibu, kwa mwandiko ambao yeyote atakayeshika kipindi angeweza kuusoma. Kisha akasimama na chaki mkononi, akiutazama ubao, na Eufrasia akaanza kuyapanga madawati.